Baada ya Kupata Chako

Mwezi Februari 2009, katika Mahakama ya Wilaya ya Stockholm, Roger Wallis alimaliza kutoa ushahidi wake. Alikuwa mtu mzima, profesa wa masuala ya vyombo vya habari na mtunzi wa nyimbo, na alikuwa ameitwa na upande wa utetezi katika kesi ya The Pirate Bay, tovuti ambayo watu waliitumia kugawana mafaili mtandaoni. Mawakili wa makampuni ya muziki na filamu walimbana kwa maswali makali, hata uprofesa wake wakautilia shaka mbele ya watu. Mwishoni aliulizwa, kama mashahidi wanavyoulizwa, iwapo anataka kulipwa fidia kwa kufika kwake. Akasema hataki. Kama mnataka kutoa kitu, akasema, mpelekeeni mke wangu maua.

Sauti ya mahakamani ilikuwa ikirushwa moja kwa moja, na watu walikuwa wakisikiliza makazini, vyuoni, kwenye mabasi. Haukupita muda, maua yakaanza kufika nyumbani kwa profesa. Yalikuja mashada kwa mashada, kutoka kwa watu ambao hawakumjua yeye wala mkewe. Kila mmoja alikuwa ametoa fedha yake mfukoni, akaandika mstari mmoja wa shukrani, akabonyeza kutuma. Nyumba ikajaa maua.

Habari hii nimeisimulia mara nyingi, na kila nikiisimulia koo linanikaba kidogo. Watu wale ndio walewale waliokuwa wakiitwa wezi, kizazi kisichotaka kulipia chochote. Na siku ile hakuna aliyewaomba.

Mimi ni mmoja wao. Nimeshiriki mafaili kwa miaka mingi, na nimeshiriki pia katika kuyatetea hadharani: nimetia saini, nimesimama, nimebishana na watu ninaowaheshimu. Leo nataka kuandika kuhusu mshikamano wenyewe, ule uliotuvuta kutoka kwenye viti vyetu hadi barabarani, na pia kuhusu pale ulipotuponyoka.

Nilianza kuuelewa kabla sijajua kwamba jambo hili lina siasa ndani yake. Nilikuwa nikipakua kwa torenti mkusanyo wa vipindi vya zamani vya redio, vitu ambavyo havikuuzwa tena popote. Faili lilifika asilimia 97.4, likagota. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Kwenye orodha tulikuwa watu tisa, wote na asilimia 97.4 ileile, wote tumekosa vipande vilevile. Tunatazamana tu. Hakuna aliyekuwa na cha kumpa mwenzake.

Usiku wa kumi na moja akaingia mtu wa kumi, naye alikuwa na asilimia 100. Kasi yake ilikuwa ndogo mno, kilobaiti sita kwa sekunde, ikipanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Nikamwandikia: "Ndugu yangu, tafadhali usizime." Ilipita saa nzima bila jibu. Kisha likaja: "Sizimi. Nimeiwasha kwa ajili yenu. Mkimaliza nyote, niambieni nikalale." Ilimchukua siku mbili. Tulipomaliza wote tisa, mmoja baada ya mwingine tukamshukuru, akaondoka. Sikuwahi kumjua jina.

Asiyeijua torenti huenda asione uzito wa kisa hiki. Mfumo huu ulibuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, na ufundi wake ni mzuri kuutazama. Faili hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kina alama yake ya kihesabu, ili kikifika kibovu kikataliwe. Huhitaji kulipata lote kwa mtu mmoja. Unachukua kipande hiki kwa huyu, kile kwa yule, na papo hapo unawagawia wengine ulichokwisha kukipata. Programu huomba kwanza kipande kilicho adimu kuliko vyote katika kundi, kwa sababu mwenye nacho akitoka kitapotea kwa wote. Na humpa zaidi yule anayeipa. Nipe nikupe.

Mpaka hapo ni biashara ya haki, na biashara ya haki siyo mshikamano. Kwangu mimi mshikamano unaanza sekunde ile kipande cha mwisho kinapoingia. Umepata chako. Hakuna kitu unachokihitaji tena kwa mtu yeyote kwenye orodha ile. Waweza kufunga programu ukaenda zako, na hakuna atakayekuzuia. Anayebaki, lugha ya torenti humwita mpanda mbegu. Anayeshiba na kuondoka huitwa ruba. Jamii nzima ya watu wasiojuana ilijengwa juu ya wale waliobaki bila kulazimishwa, na wanaharakati wa mafaili, kwa kadiri ninavyowaelewa, walikuwa watu waliojaribu kufanya jambo hilohilo kwa miguu yao na kwa sura zao.

Hawakuanza hivyo. Kwanza kulikuwa na upweke mkubwa.

Septemba 2003, chama cha makampuni ya kurekodi muziki nchini Marekani kilifungua kesi 261 kwa mpigo dhidi ya watu wa kawaida waliokuwa wakigawana nyimbo. Miongoni mwa walioguswa alikuwemo mtoto wa miaka 12 jijini New York. Mama yake alimaliza shauri kwa kulipa dola 2,000. Miaka mitano iliyofuata, waliofikiwa na kesi au barua za madai walizidi 30,000. Walio wengi walilipa dola elfu kadhaa kimyakimya wakanyamaza. Ukipokea barua ya namna ile, huonyeshi jirani. Mamilioni ya watu walikuwa wakifanya uliloshtakiwa nalo, lakini bahasha ina jina lako peke yako.

Mama mmoja wa Minnesota alikataa kulipa. Alishtakiwa kwa nyimbo 24. Mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama likamwamuru alipe dola 222,000, yaani dola 9,250 kwa kila wimbo. Kesi ikarudiwa mwaka 2009, likatoka fungu la dola 1,920,000. Jaji mwenyewe akaona ni la kutisha, akalipunguza hadi 54,000. Ikasikilizwa tena mara ya tatu, likapanda hadi milioni moja na nusu, jaji akalishusha tena, na mwisho mahakama ya rufaa mwaka 2012 ikalirudisha palepale lilipoanzia: dola 222,000. Miaka yote hiyo nyimbo zilikuwa ni zilezile 24. Nilikuwa nikifuatilia kesi yake usiku huku programu yangu ikipakua, na siwezi kueleza vizuri jinsi nilivyojisikia. Alikuwa amesimama mahali petu sote. Sisi tulikuwa tunasoma habari zake.

Uswidi ndiko watu walikojitokeza kwanza kwa sura zao, na sababu mojawapo ni kwamba walikuwa wameshajiandaa kifikra. Tangu 2003 kulikuwa na kikundi kilichojiita Piratbyrån, yaani ofisi ya maharamia. Kilichukua neno la matusi kikalivaa kama kanzu, kikaanza kujadili hakimiliki kwa uwazi. The Pirate Bay yenyewe ilizaliwa humo. Januari 1, 2006, Rickard Falkvinge akaanzisha Chama cha Maharamia, na wengi wakacheka.

Kisha ikaja Mei 31, 2006. Makumi ya askari polisi waliingia kwenye vyumba vya seva jijini Stockholm wakabeba kila kilichoonekana. Walibeba pia seva za wateja wengine wa kampuni iliyozihifadhi, watu na biashara ndogo ambazo hazikuhusika kabisa na torenti. Walikuta tovuti zao hazipo. Hili ndilo kosa lililowaamsha wengi waliokuwa pembeni. Mtu ambaye hajawahi kupakua hata wimbo mmoja alijikuta ndani ya jambo hili kwa sababu seva yake ilikuwa rafu moja na seva ya mtuhumiwa.

Siku tatu baadaye, Juni 3, mamia ya watu walikusanyika katika uwanja wa Mynttorget jijini Stockholm, na wengine Göteborg. Bendera nyeusi zilikuwepo, lakini hotuba zilikuwa nzito: uhuru wa mawasiliano, nguvu ya dola, swali la nani aliyewatuma polisi. Vijana wa vyama vingine vya siasa walisimama jukwaani pamoja na maharamia. Kufikia wakati huo tovuti yenyewe ilikuwa imeshafufuka. Wanachama wa chama kile kipya waliongezeka kwa maelfu.

Picha za siku ile nimeziangalia mara nyingi, na kinachonigusa ni kwamba nyuso zinaonekana. Hawa walikuwa watu wa majina ya bandia, watu ambao usalama wao wote ulikuwa katika kutojulikana. Mtu wa namna hiyo akitoka mchana, akasimama mbele ya kamera, akasema ndiyo, nami hugawana, amekiri kosa hadharani ili aliyekamatwa asiwe peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wote pale walijua kwamba vidole vyao vilikuwa vinapigwa picha.

Kesi ilipoanza Februari 16, 2009, walikuja na basi. Piratbyrån walikuwa na basi kuukuu walilokuwa wameshasafiri nalo Ulaya, wakaliendesha hadi mahakamani likawa kambi yao ya habari. Siku ya pili tu ya shauri, mwendesha mashtaka aliondoa sehemu kubwa ya mashtaka yake, akabakiza lile la kusaidia kuyaweka mafaili hadharani. Watu walishangilia mapema mno. Aprili 17 hukumu ikatoka: mwaka mmoja jela kwa kila mmoja wa washtakiwa wanne, na fidia ya kroni milioni 30. Baadaye ikajulikana kwamba jaji alikuwa mwanachama wa vyama vya kutetea hakimiliki. Mahakama ya rufaa ikasema hilo halikumfanya awe na upendeleo. Mimi hukumu hiyo sijaikubali mpaka leo.

Wapiga kura wa Uswidi walijibu kwa njia yao. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya ulifanyika Juni mwaka uleule, na Chama cha Maharamia kikapata kura 225,915, asilimia 7.13, na kiti.

Ufaransa, mwaka huohuo, ilikuwa ikitunga sheria ya kumkatia mtu intaneti akionywa mara tatu. Waliotunga walimfikiria kijana mmoja mkorofi. Lakini laini ya nyumbani haitumiwi na mtu mmoja: kuna mdogo mwenye masomo, kuna mama anayetafuta kazi, na wote wangekatiwa kwa kosa la mmoja. Juni 10, Baraza la Katiba lilitamka kwamba kuufikia mtandao ni sehemu ya uhuru wa kujieleza, na kwamba mamlaka ya kiutawala haiwezi kumnyang'anya mtu haki hiyo bila hakimu. Ushindi wa nusu, lakini maneno yale yalibaki.

Kila mtu hukumbuka Januari 18, 2012, siku ambayo Wikipedia ya Kiingereza ilizima kurasa zake kwa saa 24 kupinga miswada miwili ya Marekani ya kupambana na uharamia mtandaoni, SOPA na PIPA. Ujumbe wake ulionwa zaidi ya mara milioni 162, na siku mbili baadaye kura katika Baraza la Seneti ikaahirishwa. Nilifurahi kama wote. Hata hivyo siihesabu siku ile kuwa kilele chetu. Makampuni makubwa yalisimama nasi kwa sababu miswada ile ingegusa biashara zao, na yalipohakikishiwa usalama wao yalirudi kazini.

Kilele kwangu ni kilichofuata Ulaya, dhidi ya ACTA, mkataba wa kimataifa wa kupambana na bidhaa bandia na ukiukaji wa hakimiliki. Januari 26 serikali ya Poland, pamoja na nyingine nyingi, ilitia saini mkataba huo mjini Tokyo. Siku hiyohiyo baadhi ya wabunge wa Poland walivaa vinyago ndani ya bunge, na mitaa ya miji yao ilikuwa imejaa vijana. Februari 11 maandamano yakaenea katika miji mingi ya bara lile, kwenye baridi kali, barafu ardhini, watu wakiwa wameshika mabango kwa glavu. Nilitumia siku nzima kutazama video zilizokuwa zikipandishwa moja baada ya nyingine. Katika moja, msichana anapiga kelele hadi sauti inakauka, mzee aliye pembeni yake anamalizia kibwagizo kwa niaba yake, naye anacheka, anapumua moshi wa baridi.

Kwa nini walitoka? Kupakua bure peke yake hakumtoi mtu kitandani Jumamosi ya baridi namna ile. Mkataba ule ulikuwa umejadiliwa kwa siri kwa miaka. Tena uligusa mambo mengine: Madaktari Wasio na Mipaka walionya kwamba vipengele vyake vingeweza kuzuia dawa za bei nafuu zikiwa njiani kuelekea nchi maskini. Mgawa mafaili, mfamasia, mtetezi wa faragha na mwanafunzi wakajikuta bango moja. Mbunge aliyekuwa na jukumu la kuuwasilisha mkataba huo bungeni, Kader Arif, alijiuzulu jukumu hilo akilalamikia jinsi mchakato ulivyoendeshwa. Julai 4, 2012, Bunge la Ulaya likapiga kura: 39 wakaunga mkono, 478 wakakataa, 165 wakajizuia. ACTA ikafa.

Tulishinda kwa sababu hatukuwa tukijitetea wenyewe tu. Hilo naliamini kabisa. Kila mara tulipodai haki ya kupata chetu, tulibaki wachache. Tulipobaki kwa ajili ya wengine, watu walikuja.

Lakini lazima niseme na lile linalouma. Nina rafiki mwanamuziki, mtu anayerekodi chumbani kwake na kuuza anachoweza. Tulikuwa tunazungumza habari za ACTA, nikiwa nimejaa ushindi, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza: "Kaka, kwenye huo mshikamano wenu, mimi niko upande gani?" Nikaanza kumweleza kuhusu makampuni makubwa, mikataba ya kinyonyaji, wasanii wanaotajirishwa na kusambaa kwa kazi zao. Akatikisa kichwa. "Hayo nayajua kuliko wewe. Nimekuuliza habari zangu."

Sikuwa na jibu la kutosha. Ni kweli The Pirate Bay ilikuwa na matangazo, na fedha za matangazo hazikufika kwake. Ni kweli pia kwamba tulipomwaga maua kwa profesa hatukujiuliza ni wangapi kati yetu tuliwahi kumtumia chochote mtu aliyetunga wimbo tulioupenda. Tangu siku ile nimejiwekea utaratibu: aliye hai na anauza mwenyewe, nanunua kwake. Yaliyotupwa, yasiyouzwa, yaliyofungiwa makabatini, hayo nayagawa na nitaendelea kuyagawa. Rafiki yangu haoni kwamba inatosha. Huenda ana haki. Bado tunaongea.

Na kuna jambo la pili, zito zaidi.

Aaron Swartz alikuwa miongoni mwa waliopigana sana dhidi ya miswada ile ya Marekani, kupitia kikundi alichokianzisha cha Demand Progress. Wakati huohuo alikuwa na kesi. Alikamatwa Januari 6, 2011, kwa kupakua mamilioni ya makala za kitaaluma kutoka hifadhi ya JSTOR kupitia mtandao wa chuo kikuu cha MIT. JSTOR wenyewe walimaliza naye wakarudishiwa mafaili yao. Waendesha mashtaka wa serikali hawakumwachia. Mashtaka yakafika 13. Januari 11, 2013, alijiua akiwa na miaka 26. Siku mbili tatu baadaye, watafiti kutoka kila upande walianza kuziweka makala zao wazi mtandaoni kwa heshima yake, mamia kwa mamia, kila mmoja akifungua kabati lake mwenyewe. Nililia nilipoziona. Zilikuwa ndizo alizokuwa akizidai, na yeye hakuwepo kuzipokea.

Washtakiwa wa Stockholm nao walitumikia adhabu zao mmoja baada ya mwingine. Rufaa ilikuwa imepunguza vifungo vya watatu kati yao na kupandisha fidia hadi kroni milioni 46. Peter Sunde, aliyekuwa msemaji wao, alikamatwa Mei 31, 2014. Ni tarehe ileile ya uvamizi wa 2006, miaka minane kamili. Safari hii hapakuwa na uwanja uliojaa. Watu walikuwa wamehamia kwenye huduma za kusikiliza kwa malipo ya mwezi, ile kubwa kuliko zote ikiwa imezaliwa Stockholm hukohuko, na wiki moja kabla ya kukamatwa kwake Chama cha Maharamia kilikuwa kimepoteza uwakilishi wake katika Bunge la Ulaya. Mla nawe hafi nawe, walisema wahenga, na mwaka ule msemo huo nilikuwa nausikia kichwani kila siku.

Nilitafuta anwani ya gereza. Nilitaka kumwandikia barua, ya karatasi, kumweleza kuhusu yule mtu wa kumi na kilobaiti zake sita, aliyekataa kulala mpaka sote tisa tumalize. Nilifikiri angeielewa kuliko mtu yeyote. Anwani niliiandika kwenye daftari, juu kabisa ya ukurasa mtupu. Novemba akatoka. Ukurasa ule bado ninao, na chini ya anwani hakuna kitu.